Sebule Iliyomeza Besi

Mwenye sebule kubwa anayetamani besi nzito apime chumba kabla ya kuhesabu pesa. Nyumba yetu hapa Dilolo imetufunza jambo hili kwa moshi, kwa vumbi la dari na kwa maneno makali ya wakubwa. Na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha fizikia sekondari, naona ni wajibu wangu nilieleze kisa kwa kisa, ili mwingine apate faida bila hasara.

Dilolo ni mji wa Kongo ulio mpakani. Ng'ambo ni Luau ya Angola. Reli ya kutoka Tenke, kilomita 522, ilifika hapa ikaungana na reli ya Benguela mwaka 1931. Nyumba tunayokaa ni ya zama hizo za reli: kuta nene za matofali, madirisha makubwa, dari iliyo juu kabisa. Sebule yake ina urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.6. Ukizidisha unapata mita za ujazo 216. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya kawaida hakifiki hata mita za ujazo 45. Kwa hiyo sebule yetu ni vyumba vitano vya kawaida vilivyounganishwa kuwa kimoja, na kila sauti inayoingia humo lazima ivijaze vyote vitano.

Katikati ya sebule hiyo ndipo kilipo kiti cha baba mkwe. Akiwa pale anauona mlango, anaiona barabara, na anamwona kila anayeingia na anayetoka. Yeye alikuwa fundi wa injini za dizeli relini. Alianza kazi kabla ya Agosti 1975, mwezi ambao vita vya Angola viliifunga reli hiyo ya Benguela, na alistaafu kabla treni za shaba hazijaanza kuvuka tena. Injini zilimlipa mshahara, lakini zilimla masikio. Kelele za aina hiyo huanza kuharibu usikivu wa sauti za juu, karibu na hezi 4,000, na huko juu ndiko zinakokaa herufi kama s, t na f. Sauti za chini hubaki. Ndiyo maana akisikiliza habari husikia kwamba mtu anasema, lakini hajui anasema nini. Na akisikiliza rumba hulishika gitaa la besi kama zamani.

Ila televisheni yetu haikuwa na besi ya kushikwa. Spika zake nyembamba ziliimba nyuzi za juu tu. Jioni moja baba mkwe alimwambia mwanawe, "Muziki wa kwenu hauna miguu." Mume wangu hakujibu kitu, lakini nilijua neno limemwingia. Mzee yule alimsomesha kwa mshahara ambao miezi mingine haukuja. Kama furaha aliyobakiwa nayo iko chini ya hezi 100, basi ni juu ya watoto wake kuifuata huko huko.

Mume wangu akaenda Kolwezi, zaidi ya kilomita 400 za barabara kupitia Kasaji na Mutshatsha. Akarudi juu ya lori, amekumbatia boksi lililofunikwa kitenge lisiingie vumbi. Ilikuwa seti ya sinema ya nyumbani: spika ndogo tano na sabufa moja yenye koni ya inchi 6 na nusu. Nje ya boksi iliandikwa maelfu ya wati. Nikaigeuza mashine nikasoma kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa umeme inaoutumia: wati 90. Kanuni hapa ni moja na haina msamaha: mashine haitoi nguvu zaidi kuliko inayopewa. Yale maelfu ni ya kufumba na kufumbua, na tena ni ya kwenye karatasi.

Tukawasha. Tuliweka Mario, wimbo wa Franco na TP OK Jazz wa mwaka 1985, ambao mzee anaujua kila kona. Watoto wakacheza, majirani wakachungulia dirishani. Baba mkwe alikaa amenyamaza, mikono juu ya kiti, akisubiri. Wimbo ulipofika katikati akauliza kwa upole, "Mmeshawasha?"

Hakuna aliyejibu. Shemeji, mdogo wa mume wangu, akaona aibu kwa niaba yetu sote. Akazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, na cha sauti mpaka mwisho. Sebule kubwa haisikii amri ya namna hiyo. Ili kutoa sauti ya chini mara mbili kwa nguvu ile ile, koni inatakiwa kusafiri mbali mara nne. Na sikio la binadamu lenyewe ni zito huko chini: Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti nzito huhitaji nguvu nyingi zaidi kabla hatujaisikia sawa na sauti ya kati. Koni ya inchi 6 na nusu ilijitupa mbele na nyuma mpaka ikagonga mwisho wake, waya uliozungushwa ndani ukapata moto, na harufu ya kuungua ikaenea juu ya meza wakati mama mkwe anaweka bukari na sombe.

Mama mkwe ndiye aliyechomoa waya ukutani. Kisha akaibeba sabufa kwa mikono yake miwili, moshi ukimfuata, akaiweka nje chini ya mwembe. "Kinachonuka hivi hakilali na wajukuu wangu," akasema. Tukala kimya. Shemeji hakugusa chakula chake mpaka mama yake alipomwekea samaki mara ya pili, ishara kwamba kosa limesamehewa.

Baada ya hapo nililisema shauri langu wazi: tusinunue maandishi ya boksi, tununue hewa. Besi ni hewa inayosukumwa, na koni ya inchi 15 ina eneo zaidi ya mara tano ya ile iliyoungua. Mume wangu akaagiza spika ya inchi 15 na amplifaya ya wati 500. Boksi tulilitengenezea hapa hapa. Seremala alitumia plaiwudi ya milimita 18, akatia mbao za kukaza ndani ili kuta zisitetemeke, na kila ungio akalijaza gundi hewa isipite. Nililipigia hesabu tundu lake la kupumulia: kwa boksi la lita 150, bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15 na urefu wa sentimita 34 hufanya hewa ya ndani iitike karibu na hezi 28. Huo ni mwitiko ule ule ambao Helmholtz, mwanafizikia wa Ujerumani, aliuchunguza katika karne ya 19, na ni ule ule wa chupa inayopulizwa mdomoni. Boksi lilipoingia mlangoni, mama mkwe alilizunguka pande zote, akaliwekea kitambaa cha kufuma juu na maua ya plastiki. Nilimwomba tu maua yaondolewe wakati wa muziki.

Usiku wa kulijaribu tuliwasha jenereta, kwa sababu betri za sola zilikuwa chini. Besi ikasikika! Sakafu ilitetemeka, glasi zililia kabatini, shemeji akampigia mume wangu saluti. Tukazima muziki ili baba mkwe aombee chakula, na besi ikaendelea. Mzee akafungua jicho moja katikati ya sala, akamaliza "amina" yake, ndipo akasema: "Hiyo ni silinda moja. Iko nyuma ya dirisha."

Alikuwa sahihi kabisa. Jenereta ndogo za aina yetu huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, na injini ya mipigo minne hulipua mafuta mara moja kila mizunguko miwili. Ni milipuko 25 kwa sekunde: hezi 25, besi tupu. Mngurumo huo ulikuwa unafunika muziki wote wa chini, kwa maana sauti nzito huzificha zile zilizo juu yake kidogo. Kesho yake jenereta ilihamishiwa nyuma ya ukuta wa jiko, mbali na madirisha, na tukaweka sheria kwamba muziki wa jioni ni wa betri zilizoshiba jua la mchana. Kwa mara ya kwanza tukaisikia sebule yetu ikiwa kimya. Kimya ndicho kifaa cha kwanza cha besi, na hakiuzwi dukani.

Ndipo likaja fumbo lililotuchosha kuliko yote. Boksi lilikaa kwenye kona, na besi ilikuwepo kila mahali isipokuwa pale ilipotakiwa. Kwenye ujia wa vyumbani ilisukuma mapazia. Jikoni sahani ziligongana. Mtoto wetu mdogo alijilaza chini ukutani akasema ardhi inamkuna tumbo. Lakini kwenye kiti cha baba mkwe, katikati ya sebule, zilikuja noti chache tu, nyingine zikapotea kabisa.

Wimbi la sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Noti ya hezi 31, ambayo ndiyo ya chini kabisa kwenye gitaa la besi la nyuzi tano, ina urefu wa mita 11, kupita chumba chetu chote. Wimbi la namna hiyo likigonga ukuta hurudi na kukutana na lenzake, na kukutana huko kunaacha mahali ambapo sauti hujazana na mahali ambapo hufutana. Gawa 343 kwa urefu wa chumba mara mbili, utajua noti ya kwanza ambayo chumba kinaishika. Kwa upana wetu wa mita 6 ni karibu hezi 29, na kwa urefu wa mita 10 ni hezi 17, kisha 34, kisha 51. Kila noti ya kwanza na ya tatu ya hesabu hiyo hufutika katikati ya chumba na kujaa kwenye kuta. Baba mkwe alikuwa ameketi, miaka yote hiyo, juu ya shimo la sauti.

Kitabu chochote kingesema: sogeza kiti. Lakini nani atamwambia mzee kwamba mahali pake si pake? Shemeji alijaribu kukisukuma usiku, kidogo tu. Asubuhi mzee alipoketi alitazama mlango, akatazama barabara, akasema, "Nani amehamisha reli?" Kiti kikarudishwa kabla chai haijamiminwa. Nami nikaona kwamba hiyo ndiyo haki. Nyumba haipangwi kwa ajili ya mashine. Mashine inapangwa kwa ajili ya watu wa nyumba.

Dawa ilikuwepo, na haikumtaka mzee ainuke. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Todd Welti, alichapisha kazi yake kuhusu idadi ya sabufa zinazotosha chumba. Alionyesha kwamba mbili zinazowekwa katikati ya kuta zinazotazamana huleta usawa ambao moja peke yake haiwezi kuuleta. Sababu yake ni nzuri kuifikiria: mawimbi yale ya kwanza na ya tatu hutaka ukuta mmoja usukume wakati wa pili unavuta. Kuta zote mbili zikisukuma kwa pamoja, mawimbi hayo hayapati pa kuzaliwa. Besi inayobaki inafika katikati bila kupungua. Seremala akatengeneza boksi la pili, pacha wa la kwanza, nasi tukayaweka katikati ya kuta ndefu, moja kulia kwa mzee na moja kushoto, kila moja mita 3 kutoka kwake.

Tukawasha, na katikati pakawa pamekufa kuliko siku zote. Ukisogea hatua mbili, besi ipo. Ukirudi kwenye kiti, hakuna. "Sasa mmeniletea mbili zisizoimba," baba mkwe akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imechoka.

Nilichukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5, nikagusisha nyaya za kila spika kwa zamu, chanya kwa nyekundu. Koni ya kulia ikatoka nje. Koni ya kushoto ikaingia ndani. Nyaya za boksi moja zilikuwa zimefungwa kinyume, nyekundu penye nyeusi, kwa hiyo moja lilisukuma wakati jingine linavuta, na kwa mtu aliye umbali sawa kutoka yote mawili sauti zilifutana zikaisha. Tukabadilisha nyaya. Mario ikaanza upya.

Nilimtazama baba mkwe, si mashine. Kwanza vidole viliacha kushika kiti. Kisha kisigino cha kulia kikaanza, polepole, kikifuata gitaa la besi bila kukosa hata pigo moja. Mama mkwe alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. "Yuko kazini," akasema. Mume wangu aliingia chumbani, na nilipomfuata nilimkuta anafuta macho.

Furaha ilileta kazi nyingine. Vumbi la miaka lilianza kushuka kutoka darini, likaangukia sahani za chakula. Mambo haya si yetu tu: mwaka 1974, filamu ya Marekani iitwayo Earthquake ilionyeshwa kwa mitambo ya besi ya Sensurround, na ukumbi mmoja maarufu wa Hollywood ulifunga wavu juu ya watazamaji kuzuia vipande vya dari visiwadondokee. Sisi tulikaza dari kwa skrubu mahali pa misumari iliyolegea, tukaweka vipande vya mpira chini ya sahani za kabatini, na kabati lenyewe tukalisogeza kidogo kutoka ukutani. Kinachotetemeka kwenye nyumba huiba besi na kurudisha kelele, kwa hiyo kila msumari uliokazwa ni besi iliyoongezeka.

Kisa cha mwisho kilitokea tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, ndugu wakiwa wamejaa mpaka barazani. Boksi la kushoto lilipoteza nguvu ghafla na kuanza kukoroma. Tulizima. Shemeji akapitisha mkono kwenye tundu la kupumulia, akatoa kitambaa kilichofungwa mafundo, na ndani yake kulikuwa na noti: faranga za Kongo, kwanza za Angola na dola chache. Chumba kizima kilinyamaza.

Mama mkwe alinyoosha mkono akachukua mzigo wake. Kwa miaka mingi amekuwa akiuza na kununua kati ya Dilolo na Luau, na kwenye nyumba yenye watu wengi hakuwahi kuwa na mahali pake pa kufungia kitu. Aliona shimo refu, kavu, ambalo hakuna mtoto anayeruhusiwa kuligusa, na akaliamini. Kwa fizikia, bomba likizibwa boksi linakuwa kama lililofungwa, na ile nguvu ya hezi 28 inatoweka. Kwa haki ya nyumba, mwenye deni tulikuwa sisi. Mume wangu alimnunulia sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo uko kwake peke yake. Hakuna aliyemuuliza ni pesa ngapi.

Leo tunaishi na besi kwa utaratibu. Wakati wa habari tunaishusha kabisa, kwa sababu besi nyingi humfunikia mzee yale maneno machache anayoweza kuyashika. Wakati wa muziki tunaipandisha. Ifikapo saa tatu usiku tunazima, kwa kuwa wimbi la mita 11 halizuiwi na ukuta wa jirani, na jirani ana watoto wanaolala.

Nawe mwenye sebule kubwa, shika haya. Soma kibandiko cha nyuma, usisome boksi. Nunua eneo la koni kabla ya wati, na sabufa mbili zilizopangwa vizuri kabla ya moja kubwa mno. Ondoa ngurumo ya jenereta, kaza dari, jaribu kila waya kwa betri ya tochi. Lakini kabla ya yote, uliza ni nani ndani ya nyumba anayeihitaji sauti hiyo na anakaa wapi, kisha upangie kila kitu kuanzia kwenye kiti chake.